Kabla ya kununua vali ya turbo, fahamu jinsi injini yako inavyohesabu hewa

WAMILIKI wengi wa magari yenye turbo humu nchini hutambua kuwa mambo si shwari pale gari linapokosa nguvu za kupanda mlima, linapotoa mluzi usio wa kawaida chini ya boneti, au linapobugia petroli kuliko ilivyokuwa desturi yake.

Aghalabu fundi atakayeitazama injini hiyo atatoa mojawapo ya hukumu mbili: ama turbo yenyewe imekwisha, ama vali ndogo iliyo kando yake imeharibika.

Hukumu ya kwanza humtoa mwenye gari jasho kwa kuwa turbo ni kifaa cha bei ghali. Ya pili humpa afueni, kwani vali hiyo hutoshea kiganjani na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya turbo.

Hata hivyo, afueni hiyo huwa ya muda mfupi iwapo vali itakayonunuliwa si ile inayofaa. Kipuri hiki kidogo kikichaguliwa vibaya, huweza kusababisha injini kumwagiwa petroli isiyohitajika, kifaa cha kusafishia moshi kuungua, na hata turbo yenyewe kupunguziwa maisha.

Makala haya yanaeleza kazi ya vali hiyo, jinsi ya kuthibitisha kuwa kweli imeharibika, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyazingatia kabla ya kutoa fedha zake mfukoni.

KAZI YA VALI

Turbo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa injini. Moshi unapotoka kwa kasi huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, nalo gurudumu hilo huzungusha jingine lililoko upande wa pili wa ekseli hiyo hiyo. Hilo la pili huvuta hewa safi, huishindilia na kuisukuma kuelekea ndani ya injini.

Injini inayopata hewa zaidi huweza kuchoma petroli zaidi, na hivyo kutoa nguvu zaidi bila ya kuongezwa ukubwa.

Fikra hii ni kongwe. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi aliisajilia hataza mwaka 1905, ingawa magari ya kwanza ya abiria yenye turbo, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder, yaliuzwa nchini Marekani mwaka 1962.

Kwa Wakenya, turbo iliingia nyoyoni kupitia mbio za magari. Wapenzi wa Safari Rally wangali wanakumbuka Subaru Impreza iliyompa Colin McRae ushindi mwaka 1997, na ile iliyompa Richard Burns ushindi mwaka 2000. Tangu hapo, Impreza, Forester na Legacy zenye turbo zimekuwa zikiagizwa kwa wingi kutoka Japani.

Tatizo la turbo hujitokeza pale dereva anapoondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta ili abadilishe gia au apunguze mwendo. Papo hapo, kilango cha hewa kilichoko kwenye mdomo wa injini hujifunga.

Lakini turbo haiwezi kusimama ghafla. Huenda wakati huo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ingali inashindilia hewa. Hewa hiyo hufika kwenye kilango, hukuta kimefungwa, na kwa kukosa pa kwenda hurudi nyuma na kuyapiga mapanga yaliyokuwa yakiisukuma.

Dereva husikia mlio wa kukatika-katika, mithili ya njiwa anayepiga mabawa. Kasi ya turbo hupungua, beringi zake hupata mishtuko, na dereva anapokanyaga mafuta tena hulazimika kungoja hadi turbo irejelee kasi yake.

Hapa ndipo vali ya kuchepusha hewa inapohitajika. Kilango kinapojifunga, vali hiyo hufunguka na kuichepusha hewa iliyoshindiliwa, ikairudisha kwenye bomba lililo kabla ya turbo. Hewa huzunguka kama maji ya chemchemi ya bustani, turbo haipati kizuizi, na dereva anapokanyaga mafuta tena vali hujifunga.

Kutokana na maelezo hayo, ni dhahiri kwamba vali nzuri hupimwa kwa mambo mawili: iwe nyepesi kufunguka inapohitajika kufunguka, na isivujishe hewa hata chembe inapotakiwa kuwa imefungwa. Mengine yote ni nyongeza.

MAGARI YA DIZELI

Kabla ya kuendelea, ni vyema wenye magari ya dizeli wakatahadharishwa. Magari mengi yenye turbo katika barabara zetu ni malori, matatu, na magari ya barabara mbovu yanayotumia dizeli.

Injini ya dizeli haidhibitiwi kwa kuifungia hewa. Nguvu zake huongezwa au kupunguzwa kwa kubadilisha kiasi cha mafuta yanayonyunyizwa. Kwa kuwa hakuna kilango kinachojifunga ghafla kila mara dereva anapoondoa mguu, hewa ya turbo haikwami, na kwa hivyo injini hiyo kwa kawaida haina haja na vali ya kuchepusha hewa.

Anayemshawishi mwenye gari la dizeli kuongeza vali ya aina hii anamuuzia kelele, wala hamuuzii nguvu.

THIBITISHA KWANZA

Kosa la kawaida ni kununua vali kwa kubahatisha. Gari lenye turbo linapokosa nguvu, kompyuta yake mara nyingi huhifadhi msimbo P0299, ambao maana yake ni kwamba shinikizo la turbo limekuwa chini ya kiwango kilichotarajiwa.

Msimbo huo hausemi ni kipuri gani kilichoharibika. Huenda ni vali, lakini pia huenda ni mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, kipoza-hewa kilichotoboka, au turbo yenyewe iliyochakaa.

Kwa sababu hiyo, fundi mwangalifu huanza kwa kukagua mipira yote kuanzia kwenye turbo hadi kwenye injini. Mafuta meusi yanayolowesha kiungo cha mpira mara nyingi ni ishara kwamba hewa inatorokea hapo. Karakana zenye vifaa huingiza moshi maalumu katika mabomba hayo ili kuona unakofukia.

Mipira ikipatikana kuwa mizima, vali huondolewa na kukaguliwa. Ile inayoendeshwa kwa ombwe huweza kupimwa bila ya mashine yoyote. Sukuma kiwambo au pistoni yake kwa kidole hadi ifunguke, ziba tundu dogo la juu kwa kidole kingine, kisha achilia.

Ikibaki wazi, au ikirudi polepole sana, kiwambo ni kizima. Ikiruka na kujifunga mara moja ilhali tundu limezibwa, hewa inapenya mahali fulani, na vali hiyo imekwisha.

Vali za umeme haziwezi kupimwa kwa njia hiyo. Hizo hupimwa kwa mashine ya uchunguzi inayoiamuru vali kufunguka na kujifunga, huku fundi akisikiliza mlio wake mdogo. Baada ya hapo huondolewa ili mpira wake uangaliwe kama umechanika.

Uchunguzi huu huchukua dakika chache, na humwepusha mwenye gari na gharama ya kununua kipuri ambacho hakikuwa na hitilafu.

HEWA ILIYOKWISHA KUHESABIWA

Ikithibitishwa kuwa vali imeharibika, swali la kwanza la mnunuzi lisihusu bei. Lihusu jinsi injini yake inavyohesabu hewa.

Magari mengi ya turbo, zikiwemo Subaru nyingi zilizotajwa hapo juu, yana kipima-hewa kilichowekwa karibu na kichujio, kabla ya turbo. Kila chembe ya hewa inayopita hapo huhesabiwa, na kompyuta ya gari huamua kiasi cha petroli cha kunyunyiza kwa kuitegemea hesabu hiyo.

Vali ya kiwandani hurudisha hewa kwenye bomba lililoko baada ya kipima-hewa hicho. Kwa maneno mengine, hewa iliyokwisha kuhesabiwa haipotei. Inabaki ndani ya mfumo na hesabu hubakia sahihi.

Zipo vali nyingine zinazotoa hewa hiyo nje kwa kishindo. Ndizo zinazotoa ule mlio unaowasisimua vijana gari linapobadilishwa gia. Vali hizo zikiwekwa kwenye injini yenye kipima-hewa, kompyuta hudanganyika. Inanyunyiza petroli ya hewa ambayo imekwisha kutoroka.

Matokeo yake huonekana na kusikika. Gari hutoa moshi mweusi na milipuko midogo kwenye ekzosi, hukwamakwama kati ya gia moja na nyingine, na pengine huzimika linapokaribia kusimama. Petroli isiyochomwa huenda kuungulia ndani ya kifaa cha kusafishia moshi, ambacho hupata joto kupita kiasi na hatimaye kuharibika.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumziwi sana. Baadhi ya vali hizi hubaki wazi kidogo injini inaponguruma bila mwendo. Wakati huo zinaweza kuvuta hewa ya nje ambayo haikupitia kwenye kichujio. Katika barabara zetu zenye vumbi, kila punje ya mchanga inayoingia kwa njia hiyo ni adui wa injini.

Ni kweli kwamba zipo injini ambazo hazina kipima-hewa cha aina hiyo. Hizo hupima shinikizo na joto la hewa ndani ya manifoldi, karibu kabisa na mahali inapochomwa. Toyota Starlet yenye injini ya turbo ya 4E-FTE ni mfano mmojawapo. Injini kama hiyo haidanganyiki hewa ikitolewa nje.

Lakini hata hapo, hakuna nguvu inayoongezeka kwa sababu ya mlio. Hewa inayotolewa ni ile ambayo injini haikuihitaji wakati huo. Waswahili hawakukosea waliposema debe tupu haliachi kuvuma.

Isitoshe, kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kelele kubwa zisizo za lazima. Mwenye gari anayelipia kishindo anaweza kujikuta akilipia pia faini.

OMBWE AU UMEME

Swali la pili ni jinsi vali inavyopewa amri ya kufunguka. Kuna aina mbili kuu, na moja haiwezi kuwekwa mahali pa nyingine kiholela.

Aina ya kwanza huendeshwa kwa ombwe. Ina matundu mawili makubwa ya kupitishia hewa na tundu moja dogo la juu ambalo huunganishwa na manifoldi kwa mpira mwembamba. Kilango cha hewa kinapojifunga, injini huvuta kwa nguvu na kuzua ombwe katika manifoldi. Ombwe hilo huinua kiwambo na vali ikafunguka.

Subaru za injini ya EJ hutumia aina hii. Vali yake hufungwa kwenye kipoza-hewa kilichoko juu ya injini, kile ambacho mafundi hukiita intakula. Magari ya Volkswagen na Audi yenye injini ya turbo ya lita 1.8 hutumia vali ya plastiki ya kampuni ya Bosch, ambayo vali za jamii yake zimetumiwa pia na Saab na Porsche.

Aina ya pili huendeshwa kwa umeme. Kompyuta ndiyo huamua wakati wa kufungua. Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyozinduliwa mwaka 2004 ikiwa na injini ya lita 2.0, hutumia vali ya namna hii, na vali hiyo hufungwa moja kwa moja kwenye turbo kwa bolti tatu.

Vali za mwanzo za injini hiyo zilikuwa na kiwambo cha mpira ambacho kilijulikana kwa kuchanika. Baadaye kiwanda kilileta toleo lenye pistoni badala ya kiwambo. Kwa hivyo anayenunua vali ya gari hilo hana budi kuhakikisha kuwa anauziwa toleo lililoboreshwa, wala si masalio ya lile la awali.

Wapo wanaouza vifaa vya kubadilisha mfumo wa umeme uwe wa ombwe. Kwa gari la matumizi ya kila siku, mabadiliko hayo huongeza mipira, viungo na mahali pa kuvujia, ilhali faida yake ni ndogo. Ni busara kubaki na mfumo ambao kompyuta ya gari iliundwa kushirikiana nao.

SHINIKIZO NA MWINUKO

Swali la tatu ni kiwango cha shinikizo ambacho vali inatarajiwa kustahimili. Gari lililoachwa jinsi lilivyotoka kiwandani halihitaji zaidi ya vali ya kiwandani. Iwapo turbo imeongezwa shinikizo kwa kubadilisha programu ya kompyuta, vali ya zamani inaweza kulemewa na kuanza kuvujisha, na hapo ndipo vali imara zaidi inapokuwa na maana.

Hata hivyo, wanunuzi wengi hudhani kuwa springi ngumu ndiyo bora kila mara. Dhana hiyo ni potovu, na hasa kwa wakazi wa nyanda za juu.

Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret iko juu zaidi. Katika mwinuko wa Nairobi, shinikizo la hewa ya kawaida ni chini kwa karibu asilimia 20 likilinganishwa na la Mombasa.

Ombwe la injini hupimwa kwa kulinganishwa na hewa ya nje. Kwa kila mita 300 hivi anazopanda dereva, kipimo cha ombwe hupungua kwa takriban inchi moja ya zebaki. Injini inayoonyesha inchi 18 ikinguruma Mombasa inaweza kuonyesha kama inchi 12 au 13 tu ikiwa Nairobi, bila ya kuwa na hitilafu yoyote.

Maana yake ni kwamba nguvu zinazoinua kiwambo cha vali ni haba zaidi Nairobi kuliko pwani. Vali yenye springi ngumu, ambayo ingefunguka vizuri Mombasa, yaweza kuchelewa kufunguka au kufunguka nusu ikiwa Nairobi au Eldoret.

Wakati huo huo, turbo iliyoko nyanda za juu hufanya kazi kubwa zaidi, kwani hulazimika kuishindilia hewa nyepesi ili kufikia shinikizo lile lile. Kwa hivyo ndiko inakohitaji vali inayofunguka upesi.

Kanuni ya kufuata ni hii: chagua springi laini kuliko zote miongoni mwa zile zisizovujisha hewa turbo inapokuwa katika kilele cha shinikizo. Ukisikia ule mlio wa mabawa ya njiwa baada ya kuweka vali mpya, huenda springi ni ngumu kupita kiasi.

KIWAMBO AU PISTONI

Swali la nne ni umbo la ndani la vali. Vali za kiwambo hutumia ngozi nyembamba ya mpira. Ni nyepesi, hufunguka upesi, hufunga vizuri na hazihitaji kupakwa mafuta. Udhaifu wake ni kwamba mpira huzeeka kutokana na joto na mvuke wa mafuta, na hatimaye huchanika.

Vali za pistoni, ambazo nyingi huundwa kwa aluminiamu, hustahimili joto na shinikizo kubwa zaidi. Nyingi huweza kufunguliwa, kusafishwa na kubadilishwa springi. Lakini zinahitaji kutunzwa. Pistoni isiyosafishwa na kupakwa grisi kama mtengenezaji anavyoagiza hukwama, hasa vumbi na mafuta vinapochanganyika na kuwa kama lami.

Anayejua kwamba hatakuwa na muda wa kuifungua vali yake mara kwa mara afadhali anunue vali mpya ya kiwambo iliyotengenezwa kwa viwango vya kiwanda. Ikitunzwa vyema na injini isiyovuja mafuta, itamtumikia kwa miaka mingi.

SOKONI

Baada ya kujibu maswali hayo manne, mnunuzi sasa anaweza kwenda madukani, yawe ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au kwingineko. Aende na mambo mawili: nambari ya chesisi ya gari lake, na vali ya zamani.

Nambari ya chesisi ni muhimu kwa kuwa gari lililoundwa kwa ajili ya Japani huweza kutofautiana na lile lililouzwa Uingereza, hata kama yana jina moja na umri mmoja. Muuzaji mwenye katalogi ataitumia kupata nambari halisi ya kipuri.

Nambari ya kipuri nayo isomwe hadi herufi ya mwisho. Katika vali za Bosch za injini ya lita 1.8, kwa mfano, ile yenye nambari 06A 145 710 N imekuwa ikipendelewa kwa uimara wake badala ya matoleo yaliyoitangulia. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha toleo moja na jingine.

Wengi hushawishika kununua vali zilizotumika kutoka Japani. Bei yake huvutia, na kwa vipuri vya chuma si uamuzi mbaya. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa kabatini. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi umri wa miaka minane, ilhali vipuri vilivyotumika vinaweza kuwa vimetolewa kwenye magari ya zamani zaidi ya hapo. Anayechagua njia hii aifanyie vali lile jaribio la kidole papo hapo dukani, na asiilipie ikishindwa.

Hatari kubwa zaidi ni bidhaa ghushi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, lakini macho ya mnunuzi ndiyo kinga ya kwanza. Vali halisi huwa na nambari iliyochongwa au kufinyangwa mwilini mwake, wala si kwenye kibandiko pekee. Kingo zake ni laini, plastiki haina mabaki ya kalibu, na kiwambo chake hurudi sawasawa kinaposukumwa.

Ilinganishe na ile ya zamani. Ikiwa nyepesi mno, au matundu yake yakitofautiana kwa upana, irudishe. Dai risiti yenye nambari ya kipuri, na uulize muda wa dhamana. Muuzaji anayekataa kuandika nambari kwenye risiti amekupa jibu lako.

KUWEKA NA KUHAKIKISHA

Kazi ya kuweka vali si ngumu, lakini inataka uangalifu. Kabla ya kuiondoa ya zamani, itazame ilivyoelekea, kwani vali ikigeuzwa haifanyi kazi kama ilivyokusudiwa. Simu ya mkononi yenye kamera inatosha kuhifadhi kumbukumbu hiyo.

Gasketi au mpira wa mviringo unaokaa kati ya vali na chuma ubadilishwe pia, kwani kuurudisha wa zamani ni kukaribisha uvujaji mpya. Mpira mwembamba wa ombwe nao ukaguliwe. Ukiwa umekakamaa au una nyufa, ubadilishwe, kwa sababu vali mpya isiyopata ombwe haina tofauti na iliyokufa.

Bolti zikazwe kwa kiasi. Vali ya plastiki ikikazwa kupita kiasi hupinda, na nyingi za aluminiamu huharibika nyuzi.

Baada ya hapo, futa misimbo ya kompyuta na uliendeshe gari katika barabara yenye mlima. Nguvu zinapaswa kuja bila kusita, na kusiwe na mluzi wala mlio wa mabawa unapoondoa mguu. Baada ya siku chache, lipimwe tena kwa mashine. Msimbo P0299 ukirejea, tatizo liko kwingine, na ni heri kujua hilo kabla ya kununua kipuri kingine.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa katika mfumo wa turbo huanza kama hewa kidogo tu inayotoroka. Lakini anayeuziba kwa kitu kisicholingana nao huupanua. Mwenye gari anayejua injini yake inavyohesabu hewa, vali yake inavyopewa amri, na mwinuko wa mahali anapoishi, hahitaji kumtegemea mwenye duka amchagulie, wala hatababaishwa na kelele za vali ipigayo kishindo.